Mkono wa Usukani

Kila aliyeingia ofisini kwa Inspekta Wankyo wiki hiyo alikuja na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa moja: Bonifasi. Mkuu wake wa kazi alisema Bonifasi. Mwendesha mashtaka naye alisema Bonifasi, tena kwa simu, huku anatafuna kitu. Mama wa marehemu alisafiri kutoka Butiama, kitenge cha msiba kiunoni, akakaa kwenye benchi la mapokezi na kusema Bonifasi afungwe mpaka azeeke. Alipoambiwa kwamba Bonifasi ameshazeeka, alisema basi afie humo humo.

Wankyo hakuwa na jibu jingine la kuwapa. Alikuwa na uchovu tu, ule wa askari ambaye kesi zake zote za karibuni ni za watu wa hali ya chini waliouana bila kutaka.

Kesi hii nayo ilikuwa hivyo hivyo. Gody alikuwa mtoto wa pekee wa Hilda na marehemu Enos, mzee aliyekuwa mkaguzi wa pamba enzi zake. Enos alipofariki aliacha Land Rover ya zamani iliyokaa uani miaka mingi, kuku wakitaga kwenye viti. Hilda aliamua ifufuliwe, akamwita Leodgar, fundi wa Nyasho pale Musoma. Leodgar alilifungua gari kipande kwa kipande pale pale uani, kisha akalihamishia gerejini kwake kulijenga upya. Jumamosi Gody alikwenda kulichukua. Kwenye mteremko wa kuingia Butiama usukani ulianza kuzunguka bure, gari likaacha barabara na kupiga mwamba. Gody alifia pale pale.

Kilichokatika ni mkono wa usukani, kipande cha chuma chenye urefu wa kiganja kinachopokea nguvu kutoka kwenye boksi la usukani na kuipeleka kwenye magurudumu. Kilikatika katikati. Juu yake kulikuwa na nukta tatu zilizopangwa pembetatu, na Bunda nzima inajua nukta hizo ni za nani. Bonifasi huyeyusha chuma na kumimina vipuri vya magari ya zamani, vile ambavyo hakuna duka linaloviuza tena. Kila kitu kinachopita mikononi mwake hukigonga nukta tatu. Polisi wakahitimisha kwamba Leodgar alikinunua kwake.

Mzee mwenyewe alikuwa mahabusu, anakohoa. Maelezo yake yalikuwa mafupi na hakuna aliyeyajali. Alisema Enos alipokuwa hai alimletea mkono wenye ufa, naye akauchomelea na kuugonga alama yake. "Lakini kumimina sikumimina," alisema. "Mimi namiminaga vitasa, vifuniko, duara za taa. Kitu kinachobeba roho ya mtu simimini." Kesho asubuhi angepelekwa mahakamani kwa kosa la kuua bila kukusudia. Kutoka hapo angekwenda gerezani kungoja kesi, na kesi za namna hiyo hulala. Kwa kifua kile, Wankyo hakuona atatokaje.

Kwa hiyo asubuhi ile alikitoa kile kipande kwenye mfuko wa vielelezo, akakiweka dirishani kwenye jua, akakitazama kwa mara ya kwanza bila ya mtu kumwambia cha kuona. Kilikatika bila kupinda. Ndani ya jeraha lake chuma kilikuwa cha kijivu chenye chembechembe, kama sukari guru iliyovunjwa. Na kwenye kona moja, chini ya rangi nyeusi, palikuwa na mchanga umegandia. Aliukwangua kwa pini. Ulikuwa na vipande vyeupe, vyembamba kama kucha zilizokatwa.

Akamwita Koplo Nyamhanga, dereva wake, akamwambia awashe gari. Nyamhanga aliuliza kama watapitia mahali pa chai. Wankyo alisema hapana, na Nyamhanga akawasha gari kwa uso wa mtu aliyeonewa.

Gereji ya Leodgar ilikuwa nyuma ya nyumba za kupanga, mabati juu na oili chini. Mwenyewe aliwapokea kwa unyenyekevu uliozidi. Alianza kulalamika kabla hajaulizwa: magari haya ya zamani yana wapenzi wengi siku hizi, wageni wa mbugani wanataka kupigwa picha nayo, matajiri wa Arusha wanayatafuta kama lulu, lakini vipuri hakuna. Ukienda Mwanza unapata bearing na mipira. Vingine vyote unavitoa kwenye gari lililokufa, au unamtafuta mtu akuigizie, akumiminie kinachofanana. Kila fundi anaigiza, na anayeigiza naye anaigizwa.

Wankyo alimwacha aseme huku yeye akitembea. Mwisho wa gereji palikuwa na stoo yenye kufuli jipya, na kufuli jipya kwenye mlango mbovu ni kitu kinachomwita askari kwa jina. Aliomba funguo. Leodgar alitafuta mfuko huu na ule mpaka alipoona hakuna atakayechoka kabla yake.

Ndani kulikuwa na vitasa, saa za dashibodi na vifuniko vya radieta, vyote vya kiwandani, vimefungwa kwenye magazeti tayari kwa safari. Nyamhanga alipiga mluzi. Ikawa kama kesi imeisha: fundi anang'oa vyenyewe kwenye magari ya wateja, anaviuza Arusha, wateja wanarudishiwa vya kuigiza.

"Ni kweli, afande," Leodgar alisema, akakaa juu ya tairi. "Sikatai. Wenye magari hawajuagi tofauti. Lakini vya Enos sikugusa hata kimoja. Mama Gody alikuwa ananisimamia kama polisi. Kila akija anahesabu. Vitu vyote nilivitoa kwenye sanduku lake, alimoviweka nilipolifungua gari, na kuvirudisha kwenye gari lake."

"Na mkono wa usukani?"

"Ulikuwa humo humo sandukuni. Nikauona na alama ya Bonifasi, nikasema huu mzima, mzee alishaurekebisha."

"Ulipoufunga, uliingia vizuri?"

Leodgar alifikiri. "Ulibana. Nikaupiga tupa kidogo, ukaingia."

"Fundi, mkono huo ulitoka kwenye shafti ile ile. Ulivyotoka tundu lake lilikuwa kubwa, kurudi likawa dogo?"

Ilionekana jambo hilo lilikuwa halijamjia Leodgar, na sasa lilikuwa limemjia kwa nguvu. Alisema hakuwaza. Alikuwa na haraka, Gody alikuwa amesimama mlangoni akisema mama amemtuma achukue gari siku hiyo hiyo. Wankyo alimwambia asitoke Musoma, akapiga simu kituoni waje waifunge stoo ile. Mwizi alikuwa amempata. Huyo hakuwa mtu aliyemtafuta.

Bunda walifika jua likiwa kali. Karakana ya Bonifasi ilikuwa kando ya shamba la pamba, na tanuru lake lilikuwa limevunjwa. Vijana waliotoka mazishini walilipitia na nyundo, Hyasinta, mke wa Bonifasi, alieleza hivyo bila kupandisha sauti, huku anawapangusia viti. Alikuwa ameacha matofali yalivyoanguka. Alisema mwenyewe akirudi ataamua kama anajenga tena au anaacha.

Wankyo aliomba vitu vitatu: kitasa cha kiwandani na kile kilichoigizwa kutoka kwake, mchanga wa kumiminia, na nondo ya kugongea alama. Aliviweka vitasa viwili sambamba juu ya meza. Cha kuigiza kilikuwa kifupi kwa unene wa shilingi. Ni kawaida, Hyasinta alisema. Chuma kikipoa kinasinyaa, ndiyo maana mzee anavipakaga nta vile vya asili kabla ya kuvibonyeza mchangani, ili shimo liwe kubwa kidogo. Asiyejua hilo hutoa kitu kinachobana.

Mchanga wa Bonifasi ulikuwa mwekundu, wa kichuguu kilichopondwa na kuchanganywa na majivu ya miti ya pamba. Wankyo aliuchekecha kwenye kiganja mpaka ukaisha. Hapakuwa na kitu cheupe ndani yake.

Kisha alichukua nondo, akaigonga juu ya kipande cha bati nene. Nukta tatu zilizama, kingo zake kali, ukipitisha kidole zinakwaruza. Akakitoa kile kielelezo mfukoni na kupitisha kidole juu ya nukta zake. Zilikuwa laini, kingo zimelala, kama maandishi ya sabuni iliyokwisha kutumika. Na ule mstari wa kuchomelea uliovuka ubavuni ulikuwa juu juu tu. Pale chuma kilipokatika, ndani hapakuwa na dalili ya kuchomelewa.

Basi hakuna aliyezigonga nukta hizo. Mtu alichukua mkono wa kweli, ule uliochomelewa na Bonifasi, akaubonyeza mchangani, na kila kilichokuwa juu yake kikaingia: umbo, mshono na alama ya mwenye kazi. Kisha akamimina. Bonifasi alikuwa anakwenda jela kwa sababu mwigaji hakujua kuiondoa alama.

"Kwa hiyo anatoka?" Hyasinta aliuliza.

Wankyo alitamani kusema ndiyo. Alimwambia ukweli, kwamba mwendesha mashtaka hawezi kuacha kesi kwa sababu ya mchanga na kidole cha Inspekta. Anataka kuuona mkono wenyewe, ule wa kweli, mkononi mwa mtu fulani. Hyasinta aliitikia kwa kichwa na kuendelea kupangusa kiti ambacho tayari kilikuwa safi.

Garini Wankyo aliufungua ule mchanga alioukwangua kwenye kielelezo asubuhi na kuufunga kwenye karatasi. Vipande vyeupe vilikuwa makombe ya konokono. Mtu wa Mara hahitaji maabara kujua mchanga wa ziwani. Aliwapigia simu mafundi wawili anaowafahamu akauliza nani anayeyusha chuma ufukweni, si aluminiamu ya mapangaboi, bali chuma kizito. Wote wawili walimtaja Jofrey wa Mugango, anayemimina nanga za mitumbwi kwa kuyeyusha ngoma za breki.

Jofrey alikuwa mtu mzima mwenye mikono iliyojaa makovu ya moto. Alipoliona gari la polisi hakukimbia. Aliweka chini nanga aliyokuwa anaikwangua, akanawa, akakaa kwenye kigogo na kungoja. Wankyo hakumwonyesha kielelezo. Hapakuwa na haja.

"Nilijua mtafika," Jofrey alisema. "Nilikiona kile kipande siku ya mazishi, askari wa barabarani amekishika. Nikajua ni mkono wangu."

"Nani alikuletea wa kweli?"

Jofrey alitazama ziwa. "Hilda. Dada yangu, afande. Tumezaliwa hapa hapa, mama mmoja."

Akaeleza, polepole, akirudia rudia. Hilda alikuja na kikapu cha vyuma vya gari la shemeji, baada ya Leodgar kuvifungua na kabla hajavibeba. Alikuwa amesikia mafundi wanavyowaibia watu vipuri vya asili. Akamwomba kaka yake aigize kila kimoja, viwe na uzito ule ule, ili vya kuigiza vikae sandukuni na vya kweli akae navyo yeye. Fundi akitaka kuiba, aibe sanamu. Siku gari likikamilika angekwenda na kikapu chake, asimamie vya kweli vikifungwa mbele ya macho yake, ndipo litoke. Jofrey alicheka wakati ule. Aliona dada ana akili kuliko mji mzima.

"Nilimwambia huu mkono si wa kutembelea," alisema. "Akaniambia hautatembea, utakaaga tu sandukuni."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambiaje? Ana huyo Bonifasi wa kumchukia. Chuki hiyo ndiyo inayomfanya aamke asubuhi." Akainuka kutoka kwenye kigogo. "Niandike mimi, afande. Andika nilimuuzia Leodgar. Mzee atoke, mimi niingie, dada asijue."

Kwa muda mfupi Wankyo alitamani kukubali. Alikuwa amechoka kiasi hicho, na uongo ule ulikuwa na huruma kuliko kitu chochote alichokisikia wiki ile. Lakini Leodgar angeukana, na mkono wa kweli ungebaki Butiama, na bila ya mkono wa kweli Bonifasi angepanda kizimbani kesho. Akamwambia hivyo. Jofrey aliomba aende nao. Wankyo alikataa, kisha akamwona anavyohangaika na vifungo vya shati, akamfungulia mlango wa nyuma.

Njiani hata Nyamhanga hakutaja chai.

Nyumbani kwa Hilda msiba ulikuwa bado haujaanuliwa. Wanawake walikuwa uani wanaosha sufuria, wanaume wachache wamekaa kwenye turubai upande wa pili. Jofrey alibaki garini. Hilda alimpokea Wankyo sebuleni, akamwuliza kama kesho mzee wa Bunda atafungwa moja kwa moja au kutakuwa na maneno mengi.

Wankyo alimwambia amekuja kuona vyuma vya gari la mzee, vile vya kweli.

Uso wa Hilda ulichangamka, kwa mara ya kwanza tangu Wankyo amjue. "Jofrey kakwambia? Huyo hajui kutunza neno." Aliingia chumbani akatoka amekumbatia kikapu, akatandika mkeka na kuvipanga kimoja kimoja, kila kimoja kimefungwa kwenye kipande cha khanga na kupakwa mafuta. Kitasa cha mlango wa Enos. Kifuniko cha tangi. Duara ya taa. Alieleza ujanja wake wote kwa raha, kama mtu anayesimulia jinsi alivyomshinda mkwe mkorofi. Leodgar alidhani mjane hana macho. Angeiba angeiba takataka.

Cha mwisho kilikuwa mkono wa usukani. Wankyo aliuchukua. Ulikuwa mzito kidogo kuliko ule wa mfukoni, mshono wa Bonifasi umeuma ndani kabisa, na nukta tatu zilimkwaruza kidole.

Alitoa kielelezo na kukiweka mkekani kando yake.

Hilda alivitazama vyote viwili. "Huo ndio aliotengeneza Bonifasi," alisema. "Si mlisema Leodgar alinunua kwake?"

"Sisi tulisema hivyo, mama. Tulikosea. Leodgar hakununua. Aliutoa sandukuni."

"Sandukuni kulikuwa na wa Jofrey."

"Ndiyo, mama."

"Wa Jofrey hauna alama."

"Jofrey aliubonyeza huu kwenye mchanga. Alama iliingia pamoja nao."

Hilda aliushika mkono uliovunjika, akaunganisha vipande viwili, vikakaa sawa. Akaviachanisha. Wankyo aliona jambo likimfikia, na hakuwa na la kufanya ila kukaa pale pale chini mkekani, karibu naye.

"Nilimwambia Leodgar gari halitoki mpaka nije mwenyewe," Hilda alisema.

"Gody alimwambia umemtuma."

"Sikumtuma. Jumapili ilikuwa misa ya baba yake. Alitaka nitoke kanisani nilikute gari uani." Akapangusa mafuta vidoleni kwa upindo wa kitenge. "Sikumwambia habari ya kikapu. Niliogopa atawasimulia rafiki zake."

Wankyo alisema pole. Alisema pia kwamba hakuna aliyetaka yatokee, na kwamba maelezo yatachukuliwa kesho, polepole, akiwa na ndugu yake pembeni. Alikuwa ameshayasema maneno kama hayo kwa watu wengi, na kila mara aliyaonea aibu.

"Huyo mzee ana mke?"

"Anaye. Anaitwa Hyasinta."

"Ni kweli wamemvunjia tanuru?"

"Ni kweli."

Hilda alivifunga vile vyuma vingine kwenye khanga zake, akavirudisha kikapuni, mkono wa usukani akauacha mkekani. Alisimama, akajifunga kitenge upya, akatoka nje. Wankyo alipaswa kumzuia. Maelezo ya namna hiyo yana chumba chake, yana onyo lake na sahihi yake, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale. Alibaki mlangoni akimtazama.

Hilda alisimama katikati ya ua, mahali alipolilia jina la Bonifasi siku ya mazishi mpaka vijana wakaondoka na nyundo. Hakupandisha sauti.

"Jamani, mnisikilize. Bonifasi hakumuua mwanangu. Chuma kile nilikitengenezesha mimi, nikakiweka mimi sandukuni, nikaficha kizima chini ya kitanda changu. Waliokwenda kuvunja tanuru la watu waende wakalijenge. Mimi nitakwenda kumwambia mwenyewe."

Wanawake waliacha kuosha sufuria. Mlango wa gari ulifunguka, Jofrey akashuka, lakini hakusogea zaidi ya hapo. Shemeji mmoja alinyanyuka akamsogezea Hilda kigoda, na Hilda hakukaa.